Chanda chema kisichovikwa pete: William Jones, shemasi aliyeurudisha msafara wa Hannington

MAUNGU, mji mdogo ulioko kilomita 30 hivi kabla ya kufika Voi kwa msafiri atokaye Mombasa, ni mji wa malori. Usiku na mchana magari makubwa yanayobeba shehena kutoka bandarini kuelekea Nairobi na Kampala huegeshwa kando ya barabara kuu. Madereva na utingo wao hula, hulala kidogo, kisha huendelea na safari. Hakuna anayeuliza majina yao. Shehena ikifika salama, sifa humwendea mwenye mali.

Katika karne ya 19 mambo hayakuwa tofauti sana mahali hapo. Kabla ya reli na barabara, Maungu kilikuwa kituo cha misafara iliyokwenda bara kwa miguu. Wapagazi waliotoka Rabai walivuka nyika kame ya Taru, ambako maji yalipatikana katika mashimo ya miamba yaitwayo ngurunga, iwapo mvua ilikuwa imenyesha. Walipofika Maungu wakiwa hoi kwa kiu, walikuta kwamba maji yako juu mlimani, na hawakuwa na budi kuupanda mlima kwanza ndipo wanywe. Kutoka hapo waliendelea hadi Ndara na Sagalla, wakaingia Taita, na mbele yao kulikuwa na Ukambani, Umasaini na nchi za maziwa.

Wazungu waliopita njia hiyo wameandikwa vitabuni. Johannes Rebmann aliipitia mwaka 1848 akaenda kuuona mlima Kilimanjaro. Ludwig Krapf alipita mwaka 1849 akielekea Ukambani. Joseph Thomson alipita mwaka 1883, na Askofu James Hannington mwaka 1885. Hao wana nafasi yao katika historia, na hakuna haja ya kuwapokonya. Lakini katika msafara wa Hannington kulikuwa na Mwafrika mmoja ambaye, bila yeye, huenda dunia isingepata habari kamili za safari ile, na watu zaidi ya 100 wangetawanyika mbali na kwao. Mtu huyo ni William Henry Jones, shemasi wa Rabai.

Maisha yake yanazua swali ambalo taifa hili limekuwa likijiuliza kila linapoandaa orodha ya mashujaa. Je, heshima ni ya yule aliyetangulia mbele na kuonekana na wote pekee, au ni pia ya yule aliyeushika mstari usivunjike?

Kutoka utumwani hadi Rabai

Jones alizaliwa miongoni mwa Wayao, kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania na mipakani mwa Msumbiji na Malawi. Eneo hilo liliathiriwa vibaya na biashara ya utumwa iliyopeleka watu Kilwa na Zanzibar. Akiwa bado mtoto, alitekwa na kuuzwa. Manowari za Uingereza zilizokuwa zikiwinda majahazi ya watumwa katika Bahari ya Hindi ziliwaokoa watoto wengi wa aina yake, na kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuwarudisha kwao, wengi walipelekwa Bombay nchini India.

Huko walichukuliwa na Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, CMS, na kulelewa katika kijiji cha Sharanpur, karibu na mji wa Nasik. Walifundishwa kusoma na kuandika, dini ya Kikristo, na kazi za mikono kama useremala, uashi na uhunzi. Watu waliotoka huko walikuja kujulikana katika pwani ya Kenya kama Waafrika wa Bombay. Walizungumza lugha kadhaa, waliweza kufua chuma na kujenga nyumba, na kwa elimu waliwapita wengi wa wenyeji waliowakuta.

Mwaka 1864 Jones na mwenzake Ishmael Semler walivuka bahari kuja Rabai. Kituo hicho kilikuwa kimeanzishwa na Krapf na Rebmann mwaka 1846, lakini kufikia wakati huo Krapf alikuwa amekwisha kurudi Ulaya, na Rebmann alikuwa peke yake, waumini wakiwa wachache mno. Mzee huyo alianza kupoteza uwezo wa kuona. Aliondoka mwaka 1875 akiwa kipofu, akafariki mwaka uliofuata.

Wageni wale kutoka India ndio waliokuwa mikono na macho ya misheni katika miaka hiyo ya ukame. Ulipoanzishwa mji wa Freretown mwaka 1875, upande wa bara mkabala na kisiwa cha Mombasa, ili kuwapokea watumwa waliookolewa baharini, Waafrika wa Bombay ndio waliokuwa walimu, mafundi na wakalimani. Hata hivyo mshahara wao ulikuwa mdogo ukilinganishwa na ule wa Wazungu, na vyeo vyao vilichelewa. Malalamiko juu ya jambo hilo hayakuisha kwa muda mrefu.

Ushemasi na safari

Hannington aliwasili Mombasa Januari 1885 akiwa askofu wa kwanza wa jimbo kubwa lililoitwa Ikweta ya Mashariki ya Afrika. Alikuwa na umri wa miaka 37. Aliikuta nchi katika hali ngumu, kwa maana njaa kali ilikuwa imeipiga Taita, na kituo cha misheni kilichofunguliwa mwaka 1883 katika mlima wa Sagalla, ule unaoutazama mji wa Voi, kilikuwa kimetikisika. Baadhi ya wenyeji walishuka hadi Rabai kutafuta chakula.

Mnamo Mei 31, 1885, Jumapili ya Utatu, askofu aliwapa Jones na Semler daraja la ushemasi. Miaka 21 ilikuwa imepita tangu wawili hao wafike Rabai.

Miezi miwili haikupita kabla askofu hajaanza safari ya kwenda Buganda. Mwaka 1882 alikuwa amejaribu kufika huko kwa njia ya kusini, akaugua vibaya na kurudishwa. Safari hii aliamua kushika njia ya kaskazini, kupitia Taita, Ukambani, Kikuyu na Umasaini, ambayo Thomson alikuwa ameifungua miaka miwili kabla. Njia hiyo ilikuwa fupi na yenye hewa nzuri. Kasoro yake ni kwamba iliingia Buganda kutoka mashariki, kupitia Busoga, na watu wa Buganda walikuwa na hofu kubwa juu ya wageni watakaotokea upande huo. Isitoshe, mwaka huo huo Wajerumani walikuwa wameanza kujitwalia nchi pwani, na habari zilikuwa zimemfikia Kabaka Mwanga. Wamisionari waliokuwa Buganda waliandika barua za kumwonya askofu, lakini barua hizo hazikumfikia kwa wakati.

Msafara uliondoka Rabai Julai 1885 ukiwa na watu zaidi ya 200. Hannington alikuwa Mzungu pekee. Jones ndiye aliyekuwa msaidizi wake.

Kazi ya msaidizi katika msafara haikuwa ya kupendeza. Ilikuwa lazima mizigo ihesabiwe asubuhi na jioni. Wapagazi waliokimbia ilibidi watafutwe, na waliougua wagawiwe mzigo mwepesi au wabebwe. Posho ilipaswa kupimwa kwa haki, kwa kuwa kipimo kikipungua siku mbili, siku ya tatu kambi huwa tupu. Katika kila nchi palikuwa na hongo ya kujadiliwa, ya nguo, ushanga na nyaya, na anayejadili vibaya huwaingiza wenzake vitani. Katika nchi ya Wakikuyu chakula kilipatikana kwa shida. Katika nchi ya Wamasai vijana wa moran walidai hongo na kuingia kambini wapendavyo. Msafara ulivuka yote hayo ukiwa mzima, ukafika Kwa Sundu, mji ambao sasa unaitwa Mumias, Oktoba 1885.

Kungoja Kwa Sundu

Hapo ndipo askofu alipofanya uamuzi uliozitenga njia za watu wawili hao. Aliona kwamba msafara mkubwa ungewatia watu hofu na kuchelewesha mwendo. Akachagua wapagazi 50, akaondoka nao kuelekea ziwani na Busoga. Jones akaagizwa abaki Kwa Sundu na watu waliosalia pamoja na mizigo, angoje habari.

Oktoba 21 askofu alikamatwa katika nchi ya chifu Luba, huko Busoga. Alifungiwa kwa siku nane hadi amri ya Mwanga ilipofika. Oktoba 29, 1885, aliuawa pamoja na wapagazi wake. Kati ya wale 50, ni wanne tu walionusurika.

Wengi wa wapagazi hao waliokufa hawakuwa wamisionari wala hawakuwa na ndoto ya kufika Buganda. Walikuwa watu wa pwani walioajiriwa kwa mshahara wa mwezi, wakafa kifo kile kile, siku ile ile, mahali pale pale. Tofauti ni kwamba jina la mmoja linasomwa makanisani.

Huko Kwa Sundu, Jones alingoja. Habari za kwanza zililetwa na walionusurika mapema Novemba. Zilikuwa habari ambazo mtu hupenda kuzikana, naye hakuzikubali mara moja. Mkuu wa msafara anayeharakisha kuondoka humwacha nyuma mtu ambaye huenda yungali hai, na anayechelewa sana huweza kuwapoteza wote. Watu aliobaki nao walikuwa na hofu. Bidhaa za kununulia chakula zilikuwa zikipungua kila siku, na hapakuwa na hakika kwamba hasira za Mwanga zingeishia Busoga. Kwa muda wa mwezi mmoja hivi Jones aliishikilia kambi hiyo isivunjike, akitafuta ukweli. Alipokuwa hana shaka tena, mapema Desemba, aligeuza msafara.

Bendera ya buluu

Safari ya kurudi haina utukufu wa aina inayopendwa na waandishi. Hakuna ziwa lililogunduliwa wala mlima uliopewa jina. Palikuwa na kundi la watu waliovunjika moyo, wenye bidhaa kidogo za kulipia hongo, waliopaswa kuvuka nchi zile zile zilizowatesa walipokuwa na nguvu. Safari hii hapakuwa na Mzungu wa kutishia kwa bunduki na jina la balozi wa Zanzibar. Palikuwa na shemasi Mwafrika, mtumwa wa zamani, na chochote alichokipata alikipata kwa ulimi wake na kwa imani ambayo watu wake walikuwa nayo kwake.

Mwanzoni mwa Februari 1886 msafara uliingia Rabai. Mbele yake ilitangulia bendera ya buluu iliyoshonwa kwa herufi nyeupe jina la Ikabodi, jina la Biblia lenye maana kwamba utukufu umeondoka. Watu waliokuwa wamejitokeza kupokea wasafiri walielewa kabla neno halijasemwa.

Bendera ile imekumbukwa kama ishara ya msiba wa askofu. Nyuma yake, hata hivyo, palikuwa na watu zaidi ya 100 waliorudi kwa wake zao na watoto wao baada ya kutembea nusu mwaka. Jones alikuwa ameandika shajara ya safari, na maandishi hayo ndiyo yaliyotumiwa huko Uingereza kueleza maisha na kifo cha Hannington katika kitabu kilichotoka mwaka 1887 na kusomwa na maelfu. Kwa maneno mengine, sehemu ya sifa ya askofu imejengwa juu ya kalamu ya msaidizi wake.

Watoro wa Rabai

Kama maisha ya Jones yangeishia kwenye bendera ile, bado angestahili kukumbukwa. Lakini mtihani mwingine ulimngoja nyumbani.

Katika miaka ya 1880 watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia katika vituo vya misheni, na hasa Rabai. Sheria ya wakati huo, chini ya Sultani wa Zanzibar, iliwatambua kama mali ya mabwana zao. Maagizo rasmi ya misheni yalikataza kuwapokea. Jones, aliyekuwa na dhamana ya kituo hicho, alikuwa mtu ambaye mwenyewe aliwahi kuuzwa. Watoro walijenga vibanda, wakalima, wakaoa, wakazaa, na idadi yao ikafika mamia.

Mwaka 1888 mabwana wa watumwa walichoka. Kulikuwa na tishio la kweli kwamba wangeishambulia misheni na kuwachukua watu wao kwa nguvu. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilikuwa ndiyo kwanza inaingia Mombasa, na vita ingeizamisha kabla haijaanza. George Mackenzie, mkuu wa kampuni hiyo, alikubaliana na mabwana hao walipwe fidia. Januari 1, 1889, watoro walipewa hati za uhuru katika sherehe iliyofanyika Rabai. Waliokombolewa walikuwa wapatao 1,400, wengi wao wakazi wa Rabai.

Katika vitabu sifa ya siku hiyo ilimwendea Mackenzie, na kwa haki, kwa kuwa fedha zilipatikana kwa juhudi zake. Lakini mtu hawezi kukombolewa asipokuwapo. Watoro wale walikuwapo kwa sababu kulikuwa na mahali ambapo mlango haukufungwa.

Daraja la ukasisi lilimfikia Jones mwaka 1895, pamoja na Semler na James Deimler. Tangu aliposhuka melini kuja Rabai ilikuwa imepita miaka 31.

Kipimo cha heshima

Je, mtu wa namna hii anapimwaje? Ugumu wa swali hilo haukuanzia pwani ya Kenya. Katika kandanda ya Kimarekani kuna wachezaji wa mstari wa mbele ambao kazi yao ni kuwazuia wapinzani kwa miili yao ili mwenzao apate nafasi ya kurusha au kukimbia na mpira. Wengi wao humaliza miaka yao yote uwanjani bila kufunga hata alama moja. Jumba la heshima la mchezo huo lilifunguliwa mwaka 1963 katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, na kila mwaka wanaopiga kura hukumbana na tatizo hilo hilo. Mfungaji ana takwimu. Mlinzi wa mstari hana, ila kwa kutazama ni nani aliyebaki wima nyuma yake. Wapenzi wa soka wa hapa nyumbani wanalijua jambo hilo, kwa kuwa mshambuliaji hubebwa mabegani, naye beki hukumbukwa siku aliyokosea.

Waafrika walioshika mstari katika misafara walipewa heshima kwa kipimo hicho hicho cha kibahili. Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza Burton, Speke, Stanley na Cameron, alipata nishani ya fedha na pensheni ndogo kutoka kwa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London, ilhali waajiri wake wote wanne walitunukiwa nishani za dhahabu za jumuiya hiyo. Abdullah Susi na James Chuma walioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani hawakuwahi kufika mazishini jijini London Aprili 1874. Aliyekuwapo ni Jacob Wainwright, naye mwanafunzi wa Nasik kama Jones. Nishani za wapagazi wengine zilitengenezwa wakati wengi wao walikwisha kutawanyika. Katika orodha hiyo fupi, hata nafasi ya Jones haionekani.

Wapo watakaosema hastahili. Watasema alikuwa mwajiriwa, na mwajiriwa hulipwa mshahara, hapewi taji. Watasema hakufa, na shujaa wa imani hupimwa kwa damu yake. Wengine wataongeza kwamba alitumikia misheni ambazo nyuma yake zilifuata kampuni, na nyuma ya kampuni ikafuata serikali ya kikoloni iliyonyang'anya watu ardhi.

Hoja hizo zina uzito, lakini hazitoshi. Mshahara wa shemasi haukumlazimu mtu kungoja mwezi mzima katika nchi ya hatari kwa ajili ya watu ambao huenda walikuwa wamekufa. Kutokufa kwake ndiko kulikowarudisha wengine wakiwa hai. Na kuhusu ukoloni, mtoto aliyetekwa na kuuzwa hakuchagua meli iliyomwokoa. Alichochagua ni alichofanya baadaye, na hapo kumbukumbu zake ni safi. Alipoachiwa msafara aliurudisha, na walipomjia watoro hakuwafukuza.

Hannington alizikwa Namirembe jijini Kampala mwaka 1892, na kila Oktoba 29 Kanisa la Anglikana humkumbuka. Huko Kyando, Busoga, mahujaji hukusanyika mahali alipouawa. Siku tisa kabla ya hapo, Oktoba 20, Kenya huadhimisha Sikukuu ya Mashujaa, iliyopewa jina hilo na katiba ya mwaka 2010, na sheria ya mwaka 2014 kuhusu mashujaa imeweka utaratibu wa kuwatambua watu waliolitumikia taifa katika nyanja mbalimbali. Kati ya tarehe hizo mbili panatosha kumtaja shemasi wa Rabai, na pamoja naye wapagazi waliokufa Busoga bila kuandikwa.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Chanda cha Jones kilikuwa chema, na pete ilivikwa kwingine. Malori yanapoegeshwa Maungu jioni, chini ya mlima ambao wapagazi waliupanda kutafuta maji, utingo hushuka kwanza kukagua magurudumu na turubai kabla dereva hajazima injini. Shehena itafika, na waliofanya ifike ni wengi kuliko jina moja lililoandikwa ubavuni mwa gari.